Spika ya Kushoto

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku wazima, tunakula tunashiba, na kazi karakanani ni tele mpaka nawakwepa wateja. Wifi yako anakusalimu sana. Amenisimamia hapa nisije nikaruka neno.

Dada, kama hujarudi kugombana na yule mwenye duka kuhusu spika ya kushoto, usiende. Kama umeshakwenda, keti kwanza ndipo uendelee kusoma.

Ile risiva, mtambo wa kuendeshea sauti za filamu, na spika zake ulizotuzawadia kwa miaka ishirini ya ndoa zilitufurahisha mno. Risiva ilipotaka kujua kila spika iko umbali gani na kiti changu, wifi yako alisema tukadirie tu. Nikadirie, mimi seremala? Nilileta futi ya kazini nikazipima zote tano mpaka milimita, huku binti yetu akibonyeza rimoti na kucheka kwamba baba anaipimia sebule kabati. Kisha ikaja sauti ya majaribio, ule mvumo wa shwaaa unaotoka spika moja baada ya nyingine ili zote zilinganishwe. Ya kushoto ilikuwa inanong'ona. Nikaiongeza desibeli mbili, nne, nikafika nane. Tulipoweka filamu, wifi yako akalalamika kwamba waigizaji wote wamehamia kushoto, dirishani. Nikamwambia hajui mambo ya mitambo.

Mzozo ukadumu wiki nzima. Mimi napandisha, yeye anashusha nikienda kazini. Nilibadili waya, nikasogeza spika, nikalilaumu hata sofa. Mwisho nikakuandikia kwamba umeuziwa spika mbovu. Nawe, usiyekubali mdogo wako aonewe, ukamwendea muuzaji ukamwita tapeli mbele ya wateja wake.

Sasa nikiri. Siku moja kabla sijakuandikia, binti yetu alizibadilisha nafasi spika mbili za mbele: ya kushoto akaiweka kulia, ya kulia akaiweka kushoto. Ile niliyoiita mbovu ikavuma vizuri kabisa, na ile nzima ikaanza kunong'ona. Nilielewa palepale. Miaka kumi na tisa msumeno wa umeme unanipigia kelele upande wa kushoto, na vifuniko vya masikio nilivitundika msumarini kwa sababu vinanitoa jasho. Spika haina neno, dada. Sikio langu ndilo limekufa nusu. Niliogopa, nikaona heri spika iitwe mbovu kuliko mimi, nikakuandikia uongo huku nikijua ni uongo. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Barua yako ilipofika, ikieleza ulivyonipigania pale dukani, nilishindwa kula. Nikamwambia wifi yako yote. Hakunicheka, kesho yake alinipeleka hospitali. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kutunzwa. Sasa navaa vifuniko vyangu, na mafundi wenzangu wananiita Rubani. Wifi yako amezirudisha spika zote ziwe sawa, tunaangalia filamu kwa amani, na akitaka kuniambia jambo ananigusa goti kwanza. Nina raha, dada, kuliko ninavyostahili.

Nisamehe kwa kukutuma ukamtukane mtu asiye na kosa. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, ya kumwomba radhi muuzaji. Tafadhali mpelekee, na umsomee kwa sauti mbele ya wateja, kwa sababu matusi aliyapata mbele yao.

Wabusu watoto, na shemeji mpe mkono wangu. Ukija kututembelea, keti kuliani kwangu. Najua utanigombeza, nami nataka kusikia kila neno.

Mdogo wako akupendaye,
Seremala