Shati la Uji la Cornelius

Jeptoo, acha unachofanya. Acha hata hiyo chai. Cornelius, mchumba wa Awoi, ameaibika leo Kakuma mbele ya wakwe.

Lile shati jeupe unalijua. Alilitia wanga kwa uji mzito mpaka likasimama lenyewe, akalifungia sandukuni kule Lodwar miezi yote akingoja siku ya posa.

Leo kalivaa. Kainama kumwamkia Mzee Ekal, babake Awoi, "Ejok, mzee," na kwenye kola kikachomoka kidudu cha rangi ya fedha, mkia nyuzi tatu, kikamkimbia shingoni. Kikafuata cha pili. Kuinua mkono akifute, kwapa zima la shati MATUNDU MATUPU!

Shangazi akapiga yowe: "Chawa! Awoi, unatuletea mtu wa chawa!"

Chawa, Jeptoo! Siku ya posa! Wazee wakaanza kuokota vigoda vyao.

Awoi akaona ndoa inaondoka na vigoda. Cornelius jasho linamtiririka: "Si chawa, mzee! Huyu anakula wanga tu. Amefuata uji."

Mzee Ekal akamkazia macho. "Hanyonyi damu?"

"Hanyonyi."

"Anaruka?"

"Hana mabawa, mzee. Hata akizeeka hayaoti."

 

Mzee akarudisha kigoda chini. "Mume wa binti yangu mkubwa alitunyonya, kisha akaruka hadi Nairobi. Keti, kijana. Na huyo mdudu wako akae pia."