Pua Ndiyo Kengele

Jumatatu, 4 Machi
Masanduku ya meli yamefika stoo. Ndani ni dohani za mawe! Si za kiwanda — zimejijenga zenyewe chini kabisa ya bahari, maji ya moto yanapofoka na kuacha shaba, zinki na chembe za dhahabu. Kazi yangu kuzikata kwa msumeno. Moja imenizidi urefu. Kaka, mwenzangu wa kazi hapa stoo, kaiita Bibi. Ina tundu katikati. Nimechungulia — giza, na hewa ya vuguvugu usoni. Jiwe! Sikupenda.

Jumanne, 5 Machi
Kaka huloweka mawe kwenye tindikali ili ukoko mweupe utoke. Anasema Bibi anapumua. Kweli, povu linapanda taratibu. Na harufu ya mayai viza stoo nzima! Mlinzi kapita kaziba pua: la kuvunda halina ubani. Kipima gesi ni kibovu. Bosi anasema pua ndiyo kengele — gesi ikinuka sana, tokeni.

Alhamisi, 7 Machi
Feni imekufa. Tunatoka, tunarudi, macho yanachuruzika. Kaka anakohoa. Wifi, na tumbo lake la miezi minane, kanipigia: nirudishie mume wangu mzima. Tumecheka. Wifi hakucheka sana.

Ijumaa, 8 Machi
Harufu imeisha! Tumenusa pembe zote kama paka jikoni — hakuna kitu. Kaka akasita mlangoni. Nikamwambia ingia tu, mambo shwari, mwoga wewe. Nikaja nyumbani kula.

Mwanangu kanikimbia. Eti mama unanuka mayai. Nimenusa mikono. Nguo. Hakuna. Nimekata kitunguu, nikakiweka puani. Machozi yametoka, harufu hakuna.

Mungu wangu. Harufu haikuisha. Pua zetu ndizo zilizokufa — gesi ikizidi, inaua pua kwanza.

Kaka hapokei. Bosi hapokei. Mlinzi kapokea — anakwenda stoo kumwangalia kaka, nisikate simu. Nimempigia kelele asiingie, fungua milango, kaa nje! Mtandao unakwaruza, sijui kasikia nini. Pikipiki nimeita, haijafika. Naandika, simu nimeibana sikioni.

Nasikia buti zake. Anamwita kaka. Anamwita tena. Mlango wa chuma unalia.

Kisha sauti ya mlinzi, ya upole, kama anayenibembeleza: dada, ondoa wasiwasi, humu hakunuki kabisa.