Niliwasomea Wazee wa Mfereji, Boti Ikaondoka

Shoga, umelala? Leo nimeumbuka, sijui nicheke au nilie.

Unawajua wale wazee wanaopeleka viti vyao pale kwenye malango ya maji ya mfereji tunakopitisha boti, watutazame wenye boti tukihangaika? Wale tunaowaita "gongoozler". Basi leo nikashuka kwenye boti, nikawatolea uvivu. Nikamwambia Mzee Wilf mbele za watu: "Unajua maana ya gongoozler? Ni mtu wa kukodoa macho tu, hata boti ikizama mbele yake hanyanyuki kitini!"

Akatafuna chipsi zake. "Ndiyo, binti. Maana yake ndiyo hiyo hiyo."

Kumbe kamba sijaifunga. KAMBA SIJAIFUNGA, Hattie!

Nageuka, boti hiyooo inakwenda zake, na mume wangu Gareth yumo ndani anaoga! Nikapiga kelele, "Jamani, nisaidieni!" Hakuna aliyetikisika. Hata mmoja! Mzee Wilf, taratibu kabisa: "Si umetueleza maana sasa hivi, binti? Ndiyo tunaitimiza."

Mara Gareth huyo, taulo kiunoni, povu kichwani. "Nani kaacha kamba?!" Boti ikagota ng'ambo, ikakwama kwenye matete. Wazee wanapiga makofi!

Hapo Mzee Wilf akanisogezea kiti na chipsi zenye siki.

Nikakaa, shoga. Ningefanyaje?

Gareth kule anafoka, "Wewe! Unafanya nini hapo?"

Nikamjibu mdomo umejaa: "Natazama."