Mama wa Kitenge Pale Dulles

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Hyattsville hatujambo. Babu yako magoti yanamsumbua, ila anakula vizuri. Unauliza utajuaje njia ukitua uwanja wa ndege wa Dulles, maana unaona haya kuuliza watu.

Nilipotua mara ya kwanza, nikiwa msichana, nami niliona haya. Nikamwona mama aliyevaa kitenge, nikamfuata kimyakimya hadi ndani ya basi. Tulipofika mwisho wa safari akanigeukia: "Mdogo wangu, sasa tunaelekea wapi? Nilipoona unanifuata, nikajua hili ndilo basi lenyewe."

Ikabidi tumuulize dereva. Kwa maneno machache tu akatuonyesha njia.

Wewe muulize mfanyakazi yeyote mwenye sare treni ya kuja huku iko wapi na uibadilishe katika kituo gani. Ukishuka Hyattsville utamkuta bibi aliyevaa kitenge. Huyo mfuate.

Bibi yako