Mikaratusi Chini ya Waya

Jumatatu, 7 Aprili

Stima imepotea saa nne kasorobo. Imerudi saa tano na dakika ishirini. Nimeandika kwenye daftari kama kawaida, kurasa za mbele, safu ya kupotea na safu ya kurudi. Kurasa hizi za nyuma ni zangu.

Wiki ya kwanza ya likizo. Walimu wengine wanalala. Mimi nasikiliza mashine ya Mama. Inanguruma kama friji kuukuu, na ninaisikia hata nikiwa shambani nachuna majani chai. Ikinyamaza, nakimbia. Leo nimeacha kikapu katikati ya mistari na kuingia chumbani na gambuti zimejaa matope. Nikamhamishia kwenye mtungi wa oksijeni. Vidole vinajua njia. Vimezoea.

Daktari alisema saa kumi na sita kwa siku, kila siku. Mapafu yamekwisha kwa moshi, miaka sitini ya kupika kwenye jiko lisilo na dirisha. Mashine inampa oksijeni mradi kuna stima. Na hapa Kimulot hakuna mtu wa kukuahidi stima.

Jumanne, 8 Aprili

Mara tatu. Nusu saa, dakika kumi, saa nzima. Nimepiga simu ya dharura. Sauti ya kurekodiwa imenishukuru kwa uvumilivu wangu. Sina uvumilivu.

Jumatano, 9 Aprili

Saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Saa saba nzima.

Mtungi ukijaa unatupa saa nane hivi. Huu ulikuwa nusu. Kufikia saa tano mshale wa geji ulikuwa unakaribia nyekundu. Nikapunguza kiwango bila kumwuliza mtu. Nesi angenigombeza. Mama aliketi wima kitandani, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Hakuwa na pumzi ya kusemea. Nilijua nikimtazama nitalia, basi nikatazama dirishani.

Dirishani naona kiwanda cha chai, ng'ambo ya bonde. Taa zinawaka mchana kweupe. Kina laini yake yenyewe, imenyooka kutoka barabara kuu na haina hata jani moja juu yake. Majani niliyochuna jana yanasagwa kwa stima wakati Mama anakosa hewa. Nimekasirika mpaka kichwa kinauma.

Nancy amepiga simu jioni. Dada yangu anaishi Kericho mjini, karibu na hospitali. Kwake stima ikipotea majirani hutoka nje kuulizana kuna nini. Huku ikikaa siku nzima ndipo tunashangaa. Wala si mbali. Mvua ni ile ile, chai ni ile ile.

Alhamisi, 10 Aprili

Mtungi umeenda Kericho kujazwa, juu ya gari la maziwa, katikati ya madebe. Umerudi jioni. Siku nzima sikuwa na akiba yoyote. Stima haikupotea hata dakika moja. Sikula chochote.

Ijumaa, 11 Aprili

Nancy amekuja na gari. Amekuja kumchukua Mama. Hakuniuliza, alikuwa amekwisha tandika kitanda huko kwake.

Mama amekataa. Dada yake mkubwa alipelekwa mjini kutibiwa akarudi ndani ya sanduku, na Mama hajasahau. Amesema kwa Kipsigis, polepole, maneno matatu kisha pumzi. Kwamba atakufa akiona ng'ombe wake. Nancy akaniambia namuua Mama kwa kumsikiliza. Nikamwambia anayeua Mama ni kampuni ya stima. Tumegombana jikoni kama wasichana wa darasa la nne. Ameondoka bila kunywa chai, na katika nyumba ya Mama hilo ni tusi.

Anasema kweli, ndiyo maana nimekasirika.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nimeenda ibada ya kwanza tu, jirani akamkalia Mama. Mchungaji ameombea stima ya Kimulot, kwa sauti kubwa. Katikati ya maombi spika zikazimika. Kanisa lote likacheka, hata Mzee Rono, mweka hazina, ambaye huwa hacheki. Mimi sikucheka. Nilikuwa mlangoni tayari, viatu mkononi, nikikimbilia nyumbani.

Jumatatu, 14 Aprili

Fundi amefika. Baada ya simu kumi na nne. Anaitwa Ondieki, mtu wa Kisii, mtu mzima, ana macho ya upole. Nilikuwa nimejitayarisha kumkemea. Nimemfungulia daftari langu, kupotea na kurudi, tangu Februari. Amesoma kurasa zote akiwa amesimama. Akaniuliza kama siku hizo kulikuwa na upepo. Sikuwa nimeandika upepo.

Ametembea na laini kutoka kwenye transfoma. Mimi nyuma yake, bado naongea. Akasimama kwenye mpaka wa shamba langu, akaangalia juu.

"Mwalimu, hii miti ni ya nani?"

Mikaratusi arobaini. Matawi yamefika kwenye waya, na mengine yameungua ncha yakawa meusi. Upepo ukivuma yanagusa, stima inakatika upande wote huu.

Ni yangu.

Jumanne, 15 Aprili

Nyani haoni kundule. Nimefundisha methali hiyo miaka ishirini na sita. Nimesahihisha insha zake kwa kalamu nyekundu.

Niandike yote. Miti niliipanda niuzie kiwanda kuni za kuchemshia maji. Ni miti yangu ya kustaafu. Walipoleta laini miaka mitano iliyopita, msimamizi alisema yote ikatwe kwanza. Ilikuwa bado midogo. Nikamsihi. Nikawaketisha yeye na vijana wake, nikawapa kuku na ugali, na mursik ya Mama, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu chake kizuri. Ukishakunywa maziwa ya mama wa mtu huwezi kuinuka ukamkatia miti. Nilijua. Ndiyo maana nilimimina. Wakapitisha waya juu, nikaweka sahihi kwamba nitaikata ikifika kimo cha nyumba.

Ilifika kimo cha nyumba zamani. Sikukata. Kila mwaka nilisema mwaka mmoja zaidi inenepe.

Nimemwambia Mama. Nilipiga magoti kando ya kitanda kama mtoto.

"Mursik ilikuwa yangu," akasema.

Jumatano, 16 Aprili

Ondieki anasema laini lazima izimwe ndipo miti ikatwe. Kesho, au tungoje mpaka baada ya Pasaka. Saa tatu mpaka saa tisa, kama hakuna mvua. Mtungi mmoja umejaa. Mama hataki kwenda Kericho hata kwa siku moja. Nimepiga hesabu mara nne. Inatosha kwa saa mbili za ziada.

Nimempigia Nancy na kumwambia ukweli kuhusu miti. Hakunicheka. Heri angenicheka.

Alhamisi, 17 Aprili

Mkono bado mzito. Naandika hata hivyo.

Saa tatu wamezima. Mama kwenye mtungi. Ondieki na wenzake wawili, kamba, na Kirui wa msumeno wa injini. Miti thelathini imelala kabla ya saa sita, na kila mmoja nilihisi ukianguka kwenye sakafu ya chumba. Mzee Rono alikuja kutazama, mikono mgongoni. Shamba lake linafuata langu. Akaniambia pole, kama mtu aliyefiwa.

Saa saba mvua. Si mvua, ni mafuriko kutoka juu. Msumeno ukanyamaza. Mti wa mwisho ulikuwa umekatwa nusu, ukainama, ukaegemea waya. Ondieki akaja mlangoni akiwa amelowa. Hawezi kuwasha na mti juu ya laini, wala hawezi kumpandisha mtu kwenye matope hayo. Nikamwambia mshale unashuka haraka kuliko hesabu yangu, Mama ana saa tatu. Akasema anajua. Hakunidanganya, namshukuru kwa hilo.

Saa nane. Saa tisa. Saa kumi kasorobo. Mshale. Nancy alikuwa njiani na mtungi wa kuazima, gari limekwama kwenye utelezi kabla ya daraja. Nilimshika Mama kifuani, nikahesabu pumzi. Midomo ilianza kuwa ya kijivu. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kuzika mume wangu. Nikasema kwa sauti, Mungu chukua miti yote, chukua na chai. Mama akanitazama kana kwamba napiga kelele darasani.

Saa kumi na dakika ishirini nikasikia msumeno. Mvua haikuwa imeisha. Kisha mshindo. Kisha kimya kirefu kuliko vyote. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri nilipoacha kuutazama.

Mashine ikalia pii.

Ondieki hakuingia ndani. Nilimkuta kwenye veranda akikamua shati. Nikamletea chai. Akanywa akiwa amesimama, macho kwenye waya.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Siku tatu bila kupotea. Safu mbili tupu. Nancy amelala hapa, ameniachia mtungi wa kuazima, amekunywa chai vikombe vinne. Mama amekula. Nje panaonekana uchi pasipo miti, mbingu imekuja karibu mno. Sijali. Nina furaha.

Jumatatu, 21 Aprili

Saa tano asubuhi. Upepo. Imepotea.

Saa mbili na nusu bila stima. Nilikaa kando ya Mama nikimshikilia barakoa ingawa haikuhitaji kushikiliwa. Kisha nikatoka kwenda kuangalia. Mikaratusi ya Rono. Zaidi ya sitini, mbele ya shamba langu, ambako Ondieki hakufika siku ile. Aliipanda mwaka mmoja baada ya laini kuja. Aliona mafundi walivyonihurumia, akajua kwamba inawezekana.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeenda kwa Rono. Nilijiandaa vizuri, nilizungumza kama mwalimu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, hiyo miti ndiyo nitakayoila uzeeni," amesema. "Mwaka mmoja tu, inenepe."

Maneno yote yalikuwa yangu. Nimerudi nyumbani nikiona haya na hasira pamoja. Niliyomwambia msimamizi miaka mitano iliyopita, sasa naambiwa mimi. Stima imepotea mara mbili leo.

Ijumaa, 25 Aprili

Mama ameamka akitaka nguo yake ya kanisa. Na kibuyu.

Nilidhani akili imeanza kumtoka. Amekataa kwenda Kericho kwa gari la mwanawe, sasa anataka kwenda kwa Rono kwa miguu. Mita mia mbili za matope. Nimekataa. Amenitazama mpaka nikakubali. Tumeweka mtungi kwenye wilbaro. Kirui akaisukuma, mimi nikamshika Mama mkono, kibuyu begani kwangu. Hatua kumi, pumziko. Hatua kumi, pumziko. Watu waliacha kuchuna wakasimama kwenye majani kutuangalia. Imetuchukua karibu saa nzima.

Rono alitoka mbio, bila kofia. Mama alikuwa rafiki wa mama yake. Hapa kwetu bibi wa umri huo haji kwako, wewe ndiye unayeenda kwake. Akamletea kiti. Mama akaomba kiwekwe nje, chini ya mikaratusi. Akakaa. Wilbaro kando yake, mrija puani. Hakusema chochote kuhusu stima. Aliuliza habari za ng'ombe, za wajukuu. Kisha akanionyesha kibuyu, nikamimina, na yeye mwenyewe akampa Rono kwa mikono miwili.

Rono alikishika kikombe. Alijua. Nilimwona akijua. Upepo ulikuwa unacheza juu yetu na matawi yakigonga waya, na kila mara yakigonga yeye aliangalia mshale wa mtungi.

Akanywa yote.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Ondieki na wenzake wanakata kwa Rono leo. Hakuna mvua. Mama amekubali kwenda kwa Nancy, siku moja tu, na ng'ombe wake ameagwa. Nimefundisha vipindi sita bila kukimbia hata mara moja. Sikujua mikono niiweke wapi.

Amerudi jioni. Hakurudi ndani ya sanduku, amenikumbusha mwenyewe. Nimemwuliza stima ya Kericho ikoje. Amesema haina habari.

Jumatano, 30 Aprili

Mashine inanguruma. Mama amelala mchana huu, mdomo wazi kidogo, rangi nzuri. Visiki vyangu vimeanza kutoa machipukizi. Nitayakata Jumamosi.

Nimetoka shule mapema. Saa tisa na robo stima imepotea. Nimemwekea Mama mtungi na kutoka nje. Rono alikuwa kwenye ua wake, na Kirui barabarani. Hakukuwa na upepo wowote. Tumesimama pale tukiulizana kuna nini, kama majirani wa Nancy.

Imerudi baada ya dakika sita.