Simu ilichagua shamba la mtu

Mwamvua, Juliana yuko hapa kwangu. Nakuandikia wewe tu.

Walipotoka kazini, mwenzake Boaz alimpakia kwenye pikipiki. Ule mchezo wao, simu inachagua sehemu yoyote kwenye ramani, wao wanaifuata. Leo ikachagua karibu na Mwakitolyo. Kwa wachimbaji dhahabu, Mwamvua.

Alama ikaangukia katikati ya shamba la mihogo. Juliana akaingia, macho kwenye simu, anahesabu hatua. Mama mmoja akasimama mbele yake na jembe.

"Nani kakutuma kupima?"

Juliana akatoa shikamoo. Haikuitikiwa. Akasema hajatumwa, simu ndiyo imechagua.

Simu ndiyo imechagua. Unamwambia hivyo mtu ambaye mwaka jana kijana mwenye simu hivyohivyo aliingia shambani kwake, na wiki iliyofuata mama huyo akakuta vigingi vya mgodi kwenye mahindi yake.

Watu wakajaa, ndio waliomweleza hayo. Juliana akageuka amwite Boaz aje aeleze. Boaz alishawasha pikipiki, kaondoka. Kamwacha pale peke yake. Kamwacha.

Yule mama ndiye aliyewazuia wenzake wasimpige. Akamsindikiza mpaka barabarani, jembe begani. Bodaboda ilipokuja ndipo akafungua mdomo: "Kamwambie aliyekutuma kwamba uso wako nimeushika."

Tangu afike Juliana anaapa hakuna aliyemtuma. Ananiapia mimi, Mwamvua, kana kwamba shamba ni langu.