Kilima Kisicho na Mwenyewe

Jumatatu, 3 Februari
Chai tena. Nilichuma alfajiri, nikaacha majani kwenye kituo cha kununulia chai, nikaenda kufundisha. Jioni nimeyakuta palepale kwenye magunia, mekundu, yameharibika. Umeme wa kiwanda ulikatika, lori halikuja. Mara ya tatu tangu Krismasi. Tumemwaga yote. Nimekula ugali na hasira.

Wanasema wageni wa sola, watakaokipa kiwanda umeme wa jua, wanakuja hapa kwetu Ikonge Jumatano kuangalia kilima. Waje hata leo.

Jumatano, 5 Februari
Chifu kanifanya mkalimani wa baraza, kwa kuwa nafundisha Kiswahili na wageni hawajui Kikisii. Nilivaa tai. Mjinga mimi.

Waliuliza kile kilima cha mawe na nyasi ni cha nani, na nani anakitumia. Dada yangu Kemunto akasimama. Aliachana na mume akarudi nyumbani, na kwetu binti aliyerudi hagawiwi shamba. Ana chumba kimoja nyuma ya jiko la mama, na ng'ombe mmoja anayemlisha kilimani. Anaishi kwa maziwa hayo. Akasema kwa Kikisii kwamba kilima hakina mwenyewe. Nikatafsiri: "Anasema kilima hakina mwenyewe." Mgeni mwenye miwani akaandika.

Kemunto aliketi ameridhika. Hata mimi.

Alhamisi, 20 Februari
Ripoti imebandikwa ofisini kwa chifu. Nimeisoma mara mbili. "Ardhi haina mwenyewe na haitumiki, kama wakazi walivyothibitisha."

Kemunto alimaanisha hakuna awezaye kumfukuza pale. Kila mtu barazani alimwelewa hivyo. Hata mimi nilimwelewa. Ilibaki niongeze sentensi moja tu: ndiyo maana analisha ng'ombe wake huko. Sikuiongeza. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilinyamaza makusudi. Nilitaka sola.

Sabato, 22 Februari
Kemunto hakuja kanisani. Mke wangu aliuliza ana nini. Nikasema mafua.

Jumanne, 4 Machi
Nimempeleka Kemunto kwa injinia wa sola. Mtu mpole, akatupa na viti. Kasema kondoo wataruhusiwa kula nyasi chini ya sola, lakini ng'ombe hapana. Ng'ombe hujikuna, huvunja vitu. Kemunto hana kondoo. Tukauliza kuhusu mteremko wa nyuma. Kasema barabara ya malori itapita huko.

Tulipofika darajani akasimama. Kisha: "Ndugu yangu, nipe mistari minne ya chai yako, ile ya chini. Nitang'oa mwenyewe, nipande nepia, nyasi za kulisha ng'ombe."

Nikamwambia chai ni karo ya watoto. Nikamwambia hati ya shamba bado ina jina la marehemu baba. Nikamwambia majirani watasemaje. Akaitikia kila neno, "Sawa, mwalimu." Hajawahi kuniita mwalimu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeandika barua ya kupinga mradi. Kurasa tatu, Kiswahili sanifu. Nyasi, ndege, chemchemi, haki ya wasio na shamba. Nilijisikia mtu mwema.

Mke wangu kaisoma amesimama, sufuria mkononi. "Baba Nyaboke, unatetea kilima cha watu wote ili lisiguswe shamba lako."

Nimemkasirikia mchana kutwa. Barua sijaipeleka.

Alhamisi, 13 Machi
Bado iko kwenye droo. Mvua. Umeme umekatika tena kiwandani.

Jumatatu, 19 Mei
Waya umezunguka kilima chote. Kemunto alijaribu kukata nyasi kando ya barabara, lakini kila mtu anakata hapo sasa. Mbavu za ng'ombe zilianza kuonekana. Leo kampeleka sokoni Kebirigo, akarudi na kamba mkononi. Mama alilia. Kemunto hakulia. Mimi nilijitia kusahihisha madaftari.

Najichukia. Nimeandika hapa. Haijasaidia.

Jumapili, 14 Septemba
Mawingu asubuhi, kisha jua. Kutoka shambani naona sola zikimeta kilimani. Kiwanda hakijasimama hata mara moja tangu ziwashwe. Nani atabisha? Majani yetu hayaozi tena. Chai ni nyingi kiasi kwamba mimi na mke wangu hatuwezi kuimaliza, na kibarua tuliyemzoea kaenda Kericho.

Mke wangu katafuta mwingine bila kuniambia. Nilipofika shambani asubuhi, Kemunto alikuwa amekwisha kufunga kikapu mgongoni. Akauliza aanzie mistari ipi. Nikamwambia ile ya chini.